Kutoka Boriti hadi Pembetatu: Kompyuta, Majaribio na Kuaminika kwa Hesabu za Miundo ya Ndege, 1947–1970

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna uchanganuzi wa miundo kwa kompyuta ulivyoingia katika usanifu wa ndege kati ya mwaka 1947 na 1970. Uzito umewekwa kwenye kazi iliyofanyika katika kampuni ya Boeing mjini Seattle mwaka 1952 na 1953, kwenye uchunguzi wa ajali za ndege ya Comet nchini Uingereza mwaka 1954, na kwenye ushindani baina ya mbinu ya nguvu na mbinu ya misogeo. Hoja kuu ni kwamba kompyuta haikuchukua nafasi ya jaribio la maabara, wala haikuharakisha hesabu za zamani tu. Ilibadili umbo la hesabu zenyewe, na hesabu hizo mpya zilipata kuaminika baada ya kupimwa dhidi ya jaribio. Ajali za Comet, kwa upande wake, zinaonyesha kwamba jaribio lisilosindikizwa na hesabu nalo lilikuwa na uwezo wa kupotosha.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya teknolojia, ujio wa kompyuta katika usanifu wa ndege husimuliwa kwa namna mbili. Simulizi ya kwanza inaiona kompyuta kuwa chanzo: mashine ilipopatikana, wahandisi walianza kukokotoa yale ambayo awali yalikisiwa. Simulizi ya pili inaiona kuwa kiharakishi: hesabu zilikuwapo tangu zamani, nayo mashine ilipunguza muda wa kuzifanya. Simulizi zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zote zinaliacha swali moja bila jibu. Mhandisi aliyekabidhiwa jedwali la namba na mashine aliwezaje kujua kwamba namba hizo zinastahili kubebeshwa maisha ya watu?

Swali hili si la nadharia tupu. Muundo wa ndege hutofautiana na muundo wa daraja au jengo kwa jambo moja la msingi: hauwezi kuongezewa uzito kila panapokuwa na shaka. Mjenzi wa daraja asiye na uhakika anaweza kuongeza chuma. Mbunifu wa ndege akifanya hivyo, ndege yake inapoteza abiria, mafuta au uwezo wenyewe wa kuruka. Kwa sababu hiyo, kiasi cha usalama katika ndege huwa chembamba, na kosa la hesabu linalovumilika katika ujenzi wa nchi kavu linaweza kuua angani.

Katika insha hii, uchanganuzi wa miundo unamaanisha kutafuta mikazo na misogeo inayotokea ndani ya muundo unapobeba mizigo. Mkazo ni nguvu inayogawanywa kwa eneo la metali inayoibeba. Msogeo ni umbali ambao nukta ya muundo huhama kutoka mahali pake pa awali. Ukakamavu ni uwezo wa sehemu ya muundo kupinga msogeo huo.

2.0 Bawa kama boriti

Hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bawa la ndege lilichanganuliwa zaidi kwa kulifananisha na boriti iliyoshikizwa upande mmoja. Nadharia ya boriti ilikuwa na mizizi katika kazi za Bernoulli na Euler za karne ya 18, na wahandisi wa ndege waliirithi kutoka kwa wajenzi wa madaraja. Urithi huo ulionekana hata kwa macho. Ndege za awali zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, zilifungwa kwa nguzo na waya kwa mpangilio uliofanana na ule wa viunzi vya madaraja. Octave Chanute, aliyewashauri ndugu Wright, alikuwa mhandisi wa reli na madaraja.

Ndege za metali zilipoanza kutawala katika miaka ya 1930, gamba la nje la bawa halikuwa tena kifuniko tu. Lilibeba sehemu ya mzigo kwa kushirikiana na mihimili, mbavu na vishikizo vyake. Hata hivyo, maadamu bawa lilikuwa refu, jembamba na lililonyooka, dhana ya boriti iliendelea kutoa majibu yaliyokaribiana na vipimo. Mhandisi alikata bawa kimawazo katika vipande mfululizo, akakokotoa mpindo na msokoto wa kila kipande, kisha akajumlisha kuanzia ncha hadi shinani.

Panapo shaka, jaribio lilikata shauri. Bawa liliwekewa mifuko ya mchanga au risasi, au likavutwa kwa mitambo, hadi lifikie mzigo uliotakiwa au livunjike. Utaratibu huo ulijenga mazoea ya kitaaluma ambayo ni muhimu kwa mjadala unaofuata: hesabu ilikuwa mwongozo wa kusanifu, na jaribio ndilo lililokuwa hakimu.

3.0 Bawa lililolala nyuma na kushindwa kwa boriti

Injini ya jeti ilivuruga mazoea hayo. Kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, bawa lililonyooka hukutana na ukinzani mkubwa wa hewa. Utafiti uliofanywa Ujerumani kabla ya vita na wakati wa vita ulionyesha kwamba bawa lililolala nyuma huchelewesha tatizo hilo, na maarifa hayo yaliwafikia wahandisi wa Marekani mwaka 1945. Ndege ya kivita ya Boeing B-47, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1947, ilikuwa na mabawa membamba yaliyolala nyuma kwa nyuzi 35.

Bawa la namna hiyo lina tabia ambayo bawa lililonyooka halina. Likipinda kuelekea juu, hujisokota papo hapo. Msokoto hubadili pembe ambayo bawa hukutana na hewa. Badiliko la pembe hubadili mzigo. Na mzigo mpya huzaa mpindo mwingine. Katika B-47, kwa kasi kubwa, kibawa cha kuinamisha ndege kilisokota bawa zima kiasi cha kupunguza, na hatimaye kugeuza, athari yake. Rubani aliyetaka kuinamia upande mmoja angeweza kujikuta akielekea upande wa pili. Juu ya hayo kulikuwa na hatari ya mpapatiko, yaani mtikisiko unaojilisha wenyewe kwa nguvu za hewa hadi bawa linakatika.

Bawa la pembetatu lilizidisha ugumu. Hapa urefu na upana wa bawa hukaribiana, nayo mihimili na mbavu hukatana kwa pembe mbalimbali. Mzigo unaowekwa kwenye nukta moja hugawanyika kwa njia nyingi kwa wakati mmoja kupitia mihimili, mbavu na gamba. Hakuna mstari mmoja unaoweza kuitwa boriti. Ili kukadiria mpapatiko, mhandisi alihitaji kujua jinsi mzigo wa nukta moja unavyosogeza kila nukta nyingine ya bawa, na nadharia aliyoirithi haikuweza kumpa jibu hilo.

Watafiti kadhaa walilishughulikia tatizo hili karibu wakati mmoja. Nchini Marekani, Samuel Levy alichapisha mwaka 1947 njia ya kukokotoa athari hizo kwa mabawa yaliyolala nyuma, na mwaka 1953 akapendekeza njia nyingine kwa mabawa ya pembetatu. Nchini Sweden, Börje Langefors wa kampuni ya Saab alichapisha mwaka 1952 uchanganuzi wa miundo kwa matriksi, wakati kampuni hiyo ikiandaa ndege ya Draken yenye bawa la pembetatu mbili. Kuzuka kwa juhudi hizi katika nchi tofauti kunaonyesha kwamba msukumo wa kwanza ulitoka kwenye umbo la bawa. Mashine iliitikia haja iliyokuwapo tayari.

4.0 Wakokotozi, kadi na mashine

Lugha ya matriksi haikuletwa na kompyuta. Nchini Uingereza, R. A. Frazer, W. J. Duncan na A. R. Collar waliitumia kuchanganua mpapatiko katika miaka ya 1930, na kitabu chao kuhusu matriksi kilitoka mwaka 1938. Kilichokosekana ni uwezo wa kuzitatua matriksi kubwa.

Hadi wakati huo, kazi ya kukokotoa ilifanywa na watu. Katika maabara ya Langley nchini Marekani, kundi la kwanza la wanawake walioajiriwa kuwa wakokotozi lilianza kazi mwaka 1935. Kuanzia mwaka 1943 waliongezwa wanawake weusi, waliotengwa katika ofisi yao kwa mujibu wa ubaguzi wa rangi wa wakati huo. Walitumia mashine za mezani, majedwali na karatasi za mistari, na sehemu kubwa ya kazi yao ilihusu data za majaribio ya upepo. Neno la Kiingereza ambalo leo ni jina la mashine lilikuwa kwanza jina la kazi yao.

Ukubwa wa pengo kati ya mkokotozi na mashine unaweza kuonyeshwa kwa makadirio mepesi. Kutatua milinganyo 100 ya pamoja kwa njia ya kawaida ya uondoaji huhitaji takriban vizidisho 333,000. Mtu anayetumia nusu dakika kwa kila kizidisho angehitaji saa zipatazo 2,800, yaani karibu siku 350 za kazi za saa nane, bila kukosea hata mara moja. Idadi ya milinganyo ikiongezeka mara kumi, kazi huongezeka mara elfu moja. Kompyuta ya IBM 701, iliyoanza kutolewa kwa wateja mwaka 1953, ilifanya kizidisho kimoja kwa mikrosekunde 456. Vizidisho hivyo hivyo vingeichukua dakika mbili na nusu, ukiacha muda wa kuleta namba na kuzihifadhi.

Hapo penye kuleta na kuhifadhi ndipo palipokuwa na kikwazo halisi. Kumbukumbu ya ndani ya IBM 701, katika umbo lake la kawaida, ilibeba maneno 2,048 ya biti 36. Matriksi ya milinganyo 100 ina namba 10,000. Hata kama nusu yake ingeachwa kwa kuwa inajirudia, namba zaidi ya 5,000 zingebaki. Mashine iliyokuwa na kasi ya kutosha kulimaliza tatizo kwa dakika chache haikuwa na mahali pa kuliweka. Wahandisi walilazimika kuigawa matriksi katika vipande, kuviweka kwenye mikanda ya sumaku, na kuviita kimoja kimoja. Kwa hiyo tangu mwanzo, mbinu iliyopendelewa ilikuwa ile iliyogawanyika vizuri katika sehemu ndogo zinazofanana.

Viwanda vya ndege vilikuwa mstari wa mbele katika kuzitafuta mashine hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wahandisi wa kampuni ya Northrop waliunganisha mashine za kadi za IBM ili zifanye hesabu mfululizo, na wazo hilo likazaa bidhaa iliyotolewa na IBM mwaka 1949. Kati ya kompyuta 19 za IBM 701 zilizotengenezwa, nyingi zilichukuliwa na makampuni ya ndege, yakiwamo Boeing, Lockheed, Douglas, North American na Convair.

5.0 Seattle, 1952–1953

Katika kiangazi cha mwaka 1952, Ray W. Clough, mhadhiri wa uhandisi wa majengo kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alijiunga kwa muda na kitengo cha mitikisiko ya miundo cha Boeing kilichoongozwa na M. J. Turner. Alipewa kazi ya kukokotoa ukakamavu wa bawa la pembetatu ili utumike katika uchunguzi wa mpapatiko. Clough alianza kwa njia iliyokuwa ya kawaida kwa mtu wa taaluma yake. Alilichukulia bawa kuwa mkusanyiko wa boriti zilizounganishwa, kila moja ikipinda na kujisokota. Matokeo yalilinganishwa na vipimo vya modeli ya bawa iliyojaribiwa maabara, na hayakulingana.

Tukio hili dogo lina uzito mkubwa katika hoja ya insha hii. Hakukuwa na kosa katika hesabu. Milinganyo ilitatuliwa ipasavyo, na majibu yalikuwa sahihi kwa muundo uliowazwa. Muundo uliowazwa ndio ambao haukuwa bawa. Kasi ya mashine isingeweza kuliona kosa la aina hiyo, kwa sababu mashine hutatua inachopewa. Kilichofichua tofauti ni modeli iliyowekewa mizigo na kupimwa.

Clough aliporejea mwaka 1953, Turner alipendekeza kwamba gamba la bawa lisigeuzwe tena kuwa boriti, bali ligawanywe katika vipande bapa vya pembetatu na mstatili. Ndani ya kila kipande, namna metali inavyonyumbuka ingedhaniwa kuwa sahili. Pembetatu ina vifundo vitatu, na kila kifundo kinaweza kusogea kwa njia mbili katika bapa lake. Hivyo tabia yake yote huelezwa na matriksi ya ukakamavu yenye safu sita na nguzo sita. Vipande viwili vinapokutana kwenye kifundo kimoja, ukakamavu wao hujumlishwa. Kwa kurudia ujumlishaji huo, bawa zima hujengeka ndani ya hesabu kama linavyojengwa kiwandani, kipande baada ya kipande. Mara hii matokeo yalikubaliana vizuri na vipimo.

Kazi hiyo iliwasilishwa mjini New York mwezi Januari 1954 na kuchapishwa Septemba 1956 na Turner, Clough, Harold C. Martin wa Chuo Kikuu cha Washington, na L. J. Topp wa Boeing. Umuhimu wa pembetatu ulikuwa katika unyumbufu wake. Umbo lolote la bawa, hata lenye kingo za mshazari na matundu, linaweza kufunikwa kwa pembetatu. Vipande vikifanywa vidogo zaidi, jibu husogea karibu zaidi na hali halisi. Aidha, kila pembetatu huchakatwa kwa kanuni ile ile. Kwa mkokotozi wa kibinadamu, kurudia kanuni moja mara mia ni adhabu. Kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, marudio hayo yalikuwa nafuu.

Wazo la kugawa eneo katika pembetatu halikuwa geni. Mwanahisabati Richard Courant alikuwa amelitumia katika makala ya mwaka 1943, na Alexander Hrennikoff alikuwa amependekeza mwaka 1941 kuliwakilisha bapa kwa kiunzi cha fito. Hata hivyo, mawazo hayo yalitangulia chombo cha kuyatekeleza. Yalipata maisha ya kiviwanda pale yalipokutana na bawa lisilochanganulika kwa njia nyingine, mashine inayoweza kubeba marudio, na maabara ya kuyahakiki.

6.0 Comet: jaribio lisilosindikizwa na hesabu

Ikiwa tukio la Seattle linaonyesha hesabu iliyosahihishwa na jaribio, tukio la Uingereza la miaka hiyo hiyo linaonyesha upande wa pili. Comet ya kampuni ya de Havilland ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Tarehe 2 Mei 1952, ndege yenye namba G-ALYP iliondoka London kufungua huduma ya kwenda Johannesburg, kwa njia iliyopitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Afrika Mashariki, kwa njia ya Entebbe, ilikuwa kwenye ramani ya safari za jeti tangu siku ya kwanza.

Comet iliruka juu zaidi ya mita 10,000, na ili abiria wapumue, mwili wake ulijazwa shinikizo la hewa katika kila safari. Kila kupanda na kushuka kulikuwa sawa na kupuliza na kutoa pumzi katika chombo cha metali nyembamba. Tarehe 10 Januari 1954, G-ALYP ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba na kuua watu wote 35. Safari zilisitishwa, zikarejeshwa mwezi Machi, na tarehe 8 Aprili ndege ya pili, G-ALYY, ikaanguka karibu na Naples na kuua watu 21. Ya kwanza ilikuwa imefanya safari 1,290 za kujazwa shinikizo, na ya pili 900.

Uchunguzi uliongozwa na taasisi ya Farnborough chini ya Arnold Hall. Ndege nyingine ya aina hiyo, G-ALYU, ilizamishwa katika tangi la maji. Maji yalisukumwa ndani ili kuiga shinikizo la safari, kwa kuwa mpasuko katika maji haulipuki kama mpasuko katika hewa iliyobanwa, huku mabawa yakipewa mizigo kwa mitambo. Ndege hiyo ilikuwa tayari na mizunguko 1,221 ya safari halisi. Baada ya mizunguko mingine 1,836 ndani ya tangi, jumla 3,057, mwili wake ulipasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika gamba. Mabaki ya G-ALYP yaliyopandishwa kutoka baharini nayo yalionyesha uchovu wa metali kwenye tundu la juu ya paa.

Jambo linalohusu insha hii ni namna hatari hiyo ilivyopita bila kuonekana. Wabunifu hawakuwa wazembe. Walivuka masharti ya usalama ya wakati ule. Kabla ya ajali, sehemu ya mwili wa Comet ilikuwa imejaribiwa kwa shinikizo lililorudiwa zaidi ya mara 16,000 kabla ya kuvunjika, idadi iliyoonekana kutosha kwa maisha yote ya ndege. Lakini sehemu hiyo hiyo ilikuwa imetumika kwanza katika jaribio la nguvu, kwa shinikizo lililofikia takriban mara mbili ya lile la kawaida. Mzigo huo mkubwa uliinyumbua metali kwenye pembe za matundu kiasi cha kuiachia mikazo ya kudumu iliyopunguza athari ya mizunguko iliyofuata. Kipande cha majaribio kikawa sugu kuliko ndege zilizobeba abiria.

Wabunifu walikuwa wamekokotoa mikazo ya wastani, lakini hawakutegemea hesabu kwa eneo la karibu kabisa na pembe za matundu, kwa kuona kwamba hesabu hapo haziaminiki na kwamba jaribio lingetosha. Vipimo vya Farnborough vilionyesha kwamba mkazo kwenye pembe ulizidi wastani huo kwa kiasi kikubwa. Haifai kudai kwamba kompyuta ingeliokoa Comet. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1949, wakati mbinu ya vipande vya pembetatu haikuwa imeandikwa. Linaloweza kusemwa ni kwamba jaribio, ambalo mazoea ya kitaaluma yalilifanya hakimu, lilitoa hukumu isiyo sahihi, na hapakuwa na hesabu ya kina ya kuitilia shaka hukumu hiyo.

7.0 Mbinu ya nguvu na mbinu ya misogeo

Baada ya mwaka 1954 haja ya uchanganuzi wa kina haikuwa ya kubishaniwa tena. Kilichobishaniwa ni njia. John Argyris, Mgiriki aliyefundisha Imperial College mjini London, alichapisha kati ya Oktoba 1954 na Mei 1955 mfululizo wa makala katika jarida la uhandisi wa ndege. Alionyesha kwamba nadharia nzima ya miundo inaweza kuandikwa kwa matriksi, na kwamba ina pande mbili zinazoakisiana. Katika upande mmoja, kisichojulikana ni nguvu. Katika upande mwingine, kisichojulikana ni misogeo.

Kwa miaka kadhaa mbinu ya nguvu ilipendwa zaidi katika viwanda vya ndege. Katika muundo wa mbavu, mihimili na gamba jembamba, idadi ya nguvu za ziada zilizohitaji kutafutwa mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko idadi ya misogeo. Milinganyo michache ilimaanisha matriksi ndogo, na matriksi ndogo iliingia katika kumbukumbu ndogo. Aidha, mbinu hiyo iliheshimu ujuzi wa mhandisi mzoefu, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua nguvu zipi zihesabiwe kuwa za ziada. Chaguo zuri lilitoa majibu thabiti. Chaguo baya lilizaa milinganyo iliyokuza makosa madogo.

Heshima hiyo kwa ujuzi ndiyo iliyogeuka kuwa udhaifu. Uchaguzi uliotegemea jicho la mhandisi haukuweza kukabidhiwa mashine kwa urahisi. Mbinu ya misogeo haikuhitaji uchaguzi huo. Mhandisi alitaja vifundo, vipande na mizigo. Yaliyobaki yalikuwa ujumlishaji na uondoaji. Mwaka 1959, katika mkutano uliofanyika Aachen, Turner aliwasilisha utaratibu wa kujumlisha moja kwa moja ukakamavu wa kila kipande katika matriksi moja kuu. Milinganyo ilikuwa mingi zaidi, lakini kumbukumbu za mashine zilikuwa zikikua, nao utaratibu ulikuwa ule ule kwa bawa, mkia au mwili wa ndege.

Hapa umbo la mashine lilichagua umbo la nadharia. Mbinu mbili zilizokuwa sawa kihisabati hazikuwa sawa mbele ya kompyuta. Mabadiliko hayo yalihamisha pia mahali pa uamuzi wa kibinadamu. Awali mhandisi alitumia busara yake katikati ya hesabu; sasa aliitumia mwanzoni, alipoamua namna ya kugawa muundo, na mwishoni, alipoamua kama jibu lina mantiki. Kilichokuwa katikati kilifichika ndani ya programu. Nchini Uingereza, kompyuta ya Pegasus ya kampuni ya Ferranti, iliyotoka mwaka 1956 na kutumiwa na makampuni kadhaa ya ndege, ilikuwa na programu iliyomwezesha mhandisi kuamuru matriksi nzima zizidishwe au kugeuzwa bila kuandika kila hatua. Urahisi huo ulifungua mlango kwa wengi, na wakati huo huo ukamwondolea mtumiaji nafasi ya kuona kosa likizaliwa.

8.0 Nadharia inayofuata matumizi

Mwaka 1960 Clough aliipa mbinu hii jina lake la kudumu, linaloweza kufasiriwa kuwa mbinu ya vipande vyenye ukomo, katika mkutano wa wahandisi wa majengo mjini Pittsburgh. Kwa jina hilo, mbinu iliyozaliwa katika bawa ilivuka kwenda kwenye mabwawa, majengo na mashine.

Inafaa kuzingatia mpangilio wa matukio. Boeing walipata matokeo mwaka 1953. Maelezo ya kihisabati kuhusu kwa nini matokeo hayo yanaaminika yalikuja baadaye. Miongoni mwa hatua muhimu ni makala ya Robert Melosh ya mwaka 1963, iliyoihusisha mbinu ya ukakamavu na kanuni za nishati zilizojulikana tangu zamani. Kwa takriban muongo mmoja, basi, mbinu ilitumika bila msingi kamili wa kinadharia. Kilichosimama badala ya msingi huo kilikuwa ulinganisho: modeli ziliwekewa mizigo, matatizo yenye majibu yanayojulikana yalitatuliwa upya, na vipande vilipunguzwa ukubwa ili kuona kama jibu linatulia.

Katikati ya miaka ya 1960, taasisi ya anga ya Marekani, NASA, iliona kwamba vituo vyake vilikuwa vikiandika programu tofauti kwa kazi zinazofanana, na ikaagiza programu moja ya pamoja. Programu hiyo, NASTRAN, ilijengwa juu ya mbinu ya misogeo na ikatolewa kwa umma mwaka 1970. Kuanzia hapo, uchanganuzi ambao mwaka 1953 ulihitaji kikundi cha wataalamu wa kampuni moja ulipatikana kwa kiwanda chochote chenye kompyuta kubwa.

9.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inadhoofisha simulizi zote mbili zilizotajwa katika utangulizi. Kompyuta haikuwa chanzo, kwa kuwa tatizo lilitoka kwenye umbo la bawa, nayo matriksi na pembetatu zilikuwapo kabla ya mashine. Haikuwa kiharakishi tu, kwa kuwa mipaka yake ya kumbukumbu na uwezo wake wa kurudia viliamua ni mbinu ipi iishi na ipi ififie.

Kuhusu swali la kuaminika, Seattle na Farnborough zinapaswa kusomwa pamoja. Mwaka 1952 hesabu safi ilitoa jibu lisilo sahihi, na jaribio likaifichua. Kabla ya mwaka 1954 jaribio lililofanywa kwa nia njema lilitoa jibu lisilo sahihi, na hapakuwa na hesabu ya kulifichua. Watu 56 walikufa. Hakimu hakuwa hesabu wala jaribio kwa upekee wake. Usalama ulitokana na kila kimoja kuwa na uwezo wa kukikana kingine.

Utaratibu huo haukukoma kompyuta zilipokomaa. Tarehe 14 Januari 1995, Boeing ilipinda mabawa ya ndege ya 777, iliyosanifiwa kwa kompyuta, hadi yakavunjika kwa asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa katika matumizi, pale ambapo sheria ilidai asilimia 150. Hesabu ilikuwa karibu sana na ukweli, lakini ukaribu huo ulijulikana kwa sababu bawa lilivunjwa. Kwa watafiti wa historia ya uhandisi, funzo ni kwamba maendeleo ya hesabu za mashine hayapaswi kupimwa kwa idadi ya milinganyo peke yake. Yanapaswa kupimwa pia kwa kuuliza ni jaribio gani lililopewa nafasi ya kuzikataa hesabu hizo, na ni hesabu gani iliyopewa nafasi ya kulikataa jaribio.